Mrututu wa Babu

Mimi kemia nilipata F. Nasema mapema ili usije ukasema nimejifanya msomi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, nikaangalia jina langu mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Tangu hapo nikajiambia kwamba mie ni mtu wa riwaya, mambo ya asidi na alikali nimewaachia wenyewe. Lakini mwaka jana nilirudi Mbinga kwenye arobaini ya Babu, nikakuta historia ambayo huwezi kuisimulia bila kupita maabara. Ikabidi nimeze aibu yangu nikaulize.

Ilianza na shati. Bibi alikuwa anagawa nguo za marehemu. Mjomba akapewa koti, mimi nikapewa shati la kazi, la buluu. Nikalikunjua. Mgongoni na mabegani lilikuwa na madoa ya rangi ya maji ya ziwa, buluu iliyoingia ukijani, yaliyokauka kama ramani.

"Bibi, hili si limeharibika?"

"Limeharibika wapi, mjukuu wangu? Huo ni mrututu. Babu yako alikuwa anabeba bomba mgongoni, linavuja. Nimelifua miaka yote, halitoki. Na shati lenyewe halikuchuja. Mashati mengine yote yalipauka, hili likagoma."

Nikacheka. Halafu usiku sikulala. Doa halitoki na rangi haichuji. Kwa nini?

Wenye shamba la kahawa mnajua mrututu ni nini. Kwa wale wa mjini: ni chumvi ya shaba, vipande vya buluu vinavyong'aa kama vioo. Ukivipasha moto vinakuwa unga mweupe, ukidondoshea maji buluu inarudi. Babu aliujua kabla hajajua kuandika jina lake. Alinifundisha nikiwa mdogo: mrututu unakorogwa na chokaa, tena usikorogee kwenye ndoo ya bati, kwa sababu shaba itang'ang'ania chuma na ndoo itatoboka. Kabla ya kupulizia alikuwa anachovya kisu kisafi kwenye ile dawa. Kisu kikitoka chekundu, anaongeza chokaa, maana dawa bado ni kali na itaunguza majani. Kikitoka kama kilivyoingia, twende shamba. Miaka minne ya sekondari hakuna aliyeniambia kwamba kile kisu kilikuwa ni kemia.

Shuleni kulikuwa na kitu kingine, methili orenji. Mliofanya vitendo mnaikumbuka. Matone mawili kwenye chupa, maji yanakuwa njano. Unadondosha asidi polepole, na pale njano inapoanza kugeuka kuelekea wekundu, unafunga bomba haraka. Mimi sikufunga haraka. Kwangu yalikuwa mekundu kama damu, na mwalimu akapita akatikisa kichwa. Kwa nini yanageuka? Tuliambiwa tukariri. Tukakariri.

Sasa nina rafiki yangu mmoja, tulisoma dawati moja, yeye alifika chuo kikuu akasomea kemia hiyohiyo iliyonitupa. Nikampelekea habari ya shati. Akaniambia, "Bwana, methili orenji yako na shati la babu yako ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukoo wa azo." Nilikaa naye siku tatu, nikajaza daftari. Haya ninayokuandikia ni ya daftari lile, pamoja na historia niliyoitafuta mwenyewe maktaba.

Ukoo wa azo umeanzia kwa Mjerumani aitwaye Peter Griess, mwaka 1858. Wakati ule makaa ya mawe yalikuwa yanachomwa Ulaya ili kupata gesi ya taa, na lami inayobaki ilikuwa takataka. Wakemia wakagundua kwamba kwenye lami ile mna vitu vya kutengenezea rangi. Griess alichukua dawa za jamii ya anilini, akazichanganya na asidi ya nitrasi, akapata kitu kikali kisichotulia. Kikipata joto kinaharibika. Ndiyo maana waliofuata walikifanyia kazi ndani ya barafu, kati ya nyuzi 0 na 5. Kitu hicho ukikikutanisha na mwenzake anayefaa, fenoli au naftoli, palepale rangi inalipuka: njano, chungwa, nyekundu. Katikati ya molekuli hizo zote mna naitrojeni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili. Hilo daraja la naitrojeni mbili ndilo azo, na jina linatokana na neno walilolitumia Wafaransa kwa naitrojeni, maana yake isiyo na uhai. Kwenye methili orenji asidi inakuja kulikalia daraja lile, mwanga unapita kwa namna nyingine, macho yanaona nyekundu. Basi. Dakika tano tu, na mimi nilipata F.

Nikasita kwenye neno makaa ya mawe, kwa sababu Mbinga tunayo. Ngaka yanachimbwa, na malori yanatembea nayo mchana na usiku. Yanakwenda kuchomwa viwandani. Kumbe kitu cha aina hiyohiyo, kwa watu wengine, ndicho kilichozaa rangi za nguo za dunia nzima.

Sasa twende mwaka 1885, maana mwaka huo ndio uliofunga fundo la hadithi yangu.

Mjerumani mwingine, Paul Böttiger, alitengeneza rangi nyekundu ya azo ambayo ilikuwa na ajabu moja: iliingia kwenye pamba moja kwa moja, bila dawa ya kuishikiza. Kabla ya hapo pamba ilikuwa inasumbua. Akaiuza hataza yake kwa kampuni ya AGFA ya Berlin. Mwaka 1885 rangi ikaingia sokoni, na jina walilolipa ni Nyekundu ya Kongo. Kwa nini Kongo? Haikutoka Kongo, wala hakuna Mkongo aliyeiona. Ni kwamba katika mji huohuo wa Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa mkutanoni wakijadili Kongo na namna ya kujigawia Afrika. Kila gazeti lilikuwa na neno Kongo. Wafanyabiashara wakaliokota neno, wakalibandika kwenye kopo la rangi, likauzika.

Siku moja baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari wa Ujerumani alitoa barua ya ulinzi kwa ile mikataba ya ulaghai ya Karl Peters ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Ndiyo mwanzo wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Miaka 21 baadaye, tarehe hiyohiyo, 27 Februari 1906, viongozi na wapiganaji wa Vita vya Majimaji walinyongwa Songea na kuzikwa kaburi la pamoja. Sisi wa Ruvuma tunaikumbuka kila mwaka. Sisemi rangi ndiyo iliyowanyonga. Nasema kwamba barua ya ulinzi na kopo la rangi vilitoka mji mmoja, mwaka mmoja, na jina la nchi za watu lilitumika kama chapa ya biashara.

Na mwaka uleule 1885, Ufaransa, mtaalamu wa mimea aitwaye Millardet alitangaza dawa ya ukungu wa zabibu. Kisa chake ni cha kuchekesha. Kule Médoc wakulima walikuwa wanaibiwa zabibu zilizo karibu na barabara. Wakazimwagia mrututu na chokaa ili zionekane zina sumu, wezi waogope. Mwaka 1882 Millardet akapita, akaona ajabu: mizabibu ya ndani imepukutika majani kwa ugonjwa, ile ya barabarani imesimama mizima. Wakulima walikuwa wanafukuza wezi, kumbe wanafukuza na ukungu. Hiyo ndiyo dawa ya Bordeaux, na ndiyo ile ile aliyokuwa anaikoroga Babu kwenye pipa, na kisu chake.

Kwetu ilifuata kahawa. Wamatengo walianza kulima kahawa kati ya vita viwili vya dunia, milimani, kwenye ukungu na baridi. Mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, Ngomat, Wangoni na tumbaku yao, Wamatengo na kahawa yao. Magonjwa nayo yalikuwepo: kutu ya majani, na ule ugonjwa unaooza tunda likiwa bichi, wakulima wanauita chulebuni, ambao uligunduliwa Kenya mwaka 1922. Dawa ya vyote ilikuwa shaba. Kwanza mrututu na chokaa, baadaye unga wa shaba wa viwandani, mwekundu au wa kijani. Mvua ikinyesha inaosha, unarudia. Kila msimu, mgongo kwa mgongo. Shaba ikaokoa kahawa, kahawa ikazaa fedha, na malipo yakija, bibi zetu wanapata khanga, watoto wanapata ada. Rangi ile inatujia imeshatiwa kwenye nguo. Sisi tunapeleka buni, tunarudishiwa nyekundu na buluu.

Sasa nirudi kwenye shati, maana hapa ndipo rafiki yangu aliponishika mkono.

Rangi ya azo peke yake ina udhaifu. Ukiianika juani sana inachuja. Ukiifua, nyingine inaondoka na povu. Wakemia wakagundua kwamba ukiipatia metali inatulia. Si metali yoyote. Ni zile zinazoitwa metali za mpito: shaba, kromu, chuma, kobalti, nikeli. Kwa nini? Mtu aliyetoa jibu ni Alfred Werner, wa Zurich, mwaka 1893. Alisema kwamba metali ya namna hiyo haikai peke yake. Inapenda kuzungukwa na molekuli nyingine zinazoishika, kwa idadi maalumu, nne au sita. Mshikaji huyo anaitwa ligandi, na mkusanyiko mzima unaitwa changamano. Werner alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mliofika maabara mmeona changamano hata kama hamkuambiwa: ukitia amonia kidogo kwenye maji ya mrututu, panatokea uji wa buluu hafifu, ukizidisha amonia, uji unayeyuka na maji yanakuwa buluu nzito ya kutisha. Ni shaba imeshikwa na amonia nne.

Rangi za azo nyingine zimeumbwa vizuri kwa kazi hiyo. Zina oksijeni upande huu wa daraja, oksijeni upande ule, na naitrojeni ya daraja katikati. Mahali patatu pa kushikia. Rafiki yangu alikuwa anachora michoro, mimi nikamwambia, acha, nimeelewa: ni mafiga matatu. Shaba ni chungu, rangi ni mafiga. Figa moja haliinjiki chungu, lakini matatu yakikaa sawa, chungu hakitikisiki. Shaba ina nafasi nne, kwa hiyo mafiga matatu yanaitosha, na nafasi iliyobaki hukaliwa hata na maji. Kromu ina nafasi sita, kwa hiyo inakalia mafiga matatu chini na mengine matatu juu, rangi mbili kwa metali moja.

Basi viwandani walikuwa wanafanya hivi: wanaitia nguo ya pamba rangi ya azo, kisha wanaichovya kwenye maji ya moto yenye mrututu. Shaba inapenya, inakaa kwenye mafiga. Rangi inafifia mng'ao kidogo, nyekundu inaweza kuingia uzambarau, uzambarau ukaingia ubuluu, lakini jua haliiwezi tena na sabuni haiitoi kirahisi. Kwa sufi walitumia kromu. Kampuni ya Ciba ya Basel, Uswisi, ikaleta rangi zilizokwisha kutiwa kromu kiwandani, zikaitwa Neolan.

Kwa hiyo shati la Babu lililogoma kuchuja, lile la buluu iliyopooza, lina kila dalili ya rangi ya azo iliyoshikwa na shaba. Shaba ndani ya uzi, shaba mgongoni kwa doa. Babu alivaa mrututu juu ya mrututu, na hakuna aliyemwambia.

Nilipotoka Mbinga niliteremka Liuli, ziwani, kumsalimia dada yake Bibi. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kuchafuka vumbi hadi kope. Siku hizi lami inafika hadi Mbamba Bay. Liuli Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lao lililofanana na sanamu ya Misri. Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilikuja pale ikaishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Husimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kuwa kuna vita, na yule Mwingereza alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Vita hivyohivyo vilifunga na bandari za rangi. Ujerumani ilikuwa inaiuzia dunia zaidi ya robo tatu ya rangi zake, na Waingereza wakajikuta wana viwanda vingi vya nguo na rangi hakuna. Wakaanza kujenga viwanda vya rangi vyao kwa haraka. Ndiyo ujue rangi si mapambo.

Nikamkuta Bibi mdogo anatia rangi ukindu wa mikeka. Sufuria juu ya mafiga, pakiti ya unga wa dukani, mikono mitupu, nyekundu hadi viwiko.

"Shikamoo bibi. Mbona hukuvaa mfuko mikononi?"

"Marahaba. Mfuko wa nini? Itatoka yenyewe Jumapili."

Nikakaa kimya, kwa sababu daftari langu lilikuwa na ukurasa mwingine. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt aliripoti uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya malighafi za rangi, hasa benzidini, iliyotumika kutengeneza Nyekundu ya Kongo yenyewe, huleta saratani ya kibofu. Daraja la azo likivunjika mwilini, malighafi ile inarudi. Mwaka 2002 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku kwenye nguo na ngozi rangi za azo zinazoweza kutoa dawa hizo. Si rangi zote za azo ni mbaya, tuelewane. Lakini pakiti ya dukani haikuandikwa ndani mna nini. Nikamwambia Bibi mdogo angalau atumie sufuria nyingine, asiipikie tena ugali. Akaniangalia.

"Sisi zamani weusi hatukununua. Unachemsha na magome, unauzika kwenye matope meusi, unautoa umekuwa mweusi tititi. Hautoki mpaka mkeka unachakaa."

Nikashtuka. Magome yana tanini, matope yana chuma, na chuma ni metali ya mpito. Tanini inakishika chuma, weusi unakaa. Ni kanuni ileile ya Werner, na wino wa Ulaya wa zamani ulitengenezwa kwa kanuni hiyo. Wasuka mikeka na vikapu wa Afrika Mashariki walikuwa wanafanya changamano bila hataza wala kopo lenye jina la nchi ya mtu.

Ningeweza kumalizia hapo, tukapiga makofi kwa bibi zetu. Lakini kuna jambo la Mjomba.

Mjomba anataka kung'oa mibuni ya Babu. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ugano, palepale Mbinga, kimekuwa kikisambaza miche chotara inayohimili kutu na chulebuni, isiyohitaji shaba kila mara. Ni jambo jema. Ila usiku wa arobaini aliniuliza, kwa kuwa nimesoma, eti ile shaba yote aliyopulizia mzee imekwenda wapi.

Nilipata jibu baadaye, na ndilo limenifanya niandike. Haikwenda popote. Rangi inaweza kuvunjika, dawa nyingine huoza, shaba ni elementi, haiozi. Imeanguka chini na mvua. Na mboji ya udongo ina oksijeni nyingi za kushikia, kwa hiyo udongo nao ni ligandi. Umeishika shaba ya Babu kama uzi ulivyoishika kwenye shati, na imekaa juujuu, palepale mizizi michanga inapoanza. Ikizidi sana inadhuru mizizi na minyoo ya ardhini. Udongo ukimomonyoka, inateremka nao mitoni, na baadhi ya mito yetu inaishia ziwani, kwa usipa.

Hapo nikaziheshimu ngoro kwa macho mapya. Wamatengo wanalaza nyasi kwa miraba, wanafunika udongo, kunabaki mashimo yanayonywesha mvua mlimani badala ya kuiacha ikimbie. Nyasi zinakuwa mboji. Tulisifiwa kwamba ngoro zinashika udongo. Kumbe udongo ukishikwa, na kilichomo kinashikwa.

Wenzangu waandishi chipukizi, tunahangaika kutafuta visa. Kila mtu na riwaya ya msichana aliyemfuata mpenzi Dar. Mimi pia ninayo, imefika sura ya nane imekwama. Wakati huohuo nyumbani kuna shati linalofungamana na Berlin, na kisu cha kupimia dawa hakuna aliyekiandika. Watu waliobeba bomba mgongoni wanakufa mmoja mmoja na hatujawauliza.

Rafiki yangu ameniambia kwamba maabara zina ligandi za azo za kupimia metali. Zikikutana na shaba zinageuka rangi mbele ya macho yako. Nimekwenda shambani kwa Babu, nimechota udongo mahali patano, nimeuweka kwenye mifuko mitano, nimeandika namba. Mjomba alisimama kando akiniangalia.

"Na wakikuta imezidi?" akauliza.

"Tutajua pa kupanda mahindi na pa kuacha, Mjomba."

Hakujibu. Akachukua mfuko mmoja akaufunga vizuri zaidi, maana fundo langu lilikuwa legelege.